Bunduki Yetu Italala Nyumbani

Mpendwa baba,

Kibali kimetoka. Aliyenipa habari ni karani wa Bwana DO, ofisa wa wilaya, Alhamisi asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai mkononi. Alisema nimeruhusiwa kununua bunduki moja ya mtutu mmoja, ile ya kupigia ndege, kwa ajili ya kulinda nyumba na mifugo. Nilipomshukuru akainua kidole.

"Ngoja, mwandishi. Kuna sharti."

Sharti lenyewe ni hili: kila siku kabla ya jua kuzama, bunduki ipelekwe kituo cha polisi, ikabidhiwe, ilale huko. Asubuhi niende niichukue.

Nilimwuliza kama nimesikia vizuri. Akasema nimesikia vizuri, akanywa chai yake.

Nimeandika habari za wilaya hii kwa miaka mingi, na zote zilikuwa za watu wengine: fulani amefungwa, reli imekatwa na mvua huko Mau, bei ya pareto imeshuka. Leo naandika yetu. Mhariri amenipa nafasi katika gazeti la Jumatatu. Nakuandikia wewe kwa sababu hii itakuwa bunduki ya kwanza kuwa mali ya nyumba yetu, na kwa sababu sharti lile limewekwa kwa ajili yako. Nitafika hapo.

Kwanza niwaambie wasomaji ulikuwa nani. Ulikuwa mbeba bunduki wa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba juu ya Elburgon, pale msitu wa Mau unapoanzia. Yeye alitembea mbele na bunduki moja, wewe ukafuata nyuma na ya pili, imejaa, tayari kumkabidhi. Ulizibeba, ulizisafisha, ulizifunga stoo na kumrudishia ufunguo. Jumamosi ulirudi nyumbani ukinuka mafuta ya bunduki, na mama akasema ameolewa na cherehani.

Nakumbuka siku nilipokata kijiti, nikakuelekezea na kufanya "pu!" kwa mdomo. Watoto wengine waliofanya hivyo baba zao walijiangusha chini na kujifanya wamekufa. Wewe ulisimama tu.

"Geuza huo mti. Umenilenga tumboni."

"Ni mti tu, baba."

"Mimi najua ni mti. Mkono wako haujui."

Niligeuza. Tangu hapo sijawahi kumnyooshea mtu hata mwavuli.

Nakumbuka pia ngazi za stoo ya bwana, mahali ulipokaa kusafisha. Nilikuletea viazi na maharagwe, ukanipa ile bunduki ndogo niishike, ukaniambia nifumbe macho. Uliifungua na kuifunga karibu na sikio langu. "Umesikia? Ikilia hivyo ni nzima. Ikikwaruza, ina mchanga." Kisha uliichukua haraka kwa sababu mbwa wa bwana alikuwa amebweka.

Na siku ya nyati, baba. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chako katika hospitali ya Nakuru, wadi ya Waafrika, mguu wako umefungwa mbao mbili. Mama alikuwa amekuja na lori la mbao na bado alikuwa na unga wa msumeno kichwani. Ulimweleza yote bila kupandisha sauti. Bwana alipiga risasi mbili, nyati akajeruhiwa, akageuka. Ulimnyooshea bwana bunduki ya pili kwa mikono yote miwili, kama ulivyofundishwa. Bwana alikuwa ameshapanda mti.

Mama alikusikiliza hadi mwisho.

"Bunduki ilikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo."

"Imejaa?"

"Imejaa."

"Na hukupiga?"

"Si yangu. Mbeba bunduki hapigi."

"Mguu ulikuwa wako," mama akasema.

Ulicheka mpaka muuguzi akaja kukunyamazisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kwamba ungeweza kufa huku umeshika kitu cha kukuokoa, kwa kuwa hukuruhusiwa kukitumia. Sikuwa na maneno ya jambo hilo wakati ule. Sasa ninayo, ndiyo maana naandika.

Ulipotoka hospitali ukichechemea, bwana alikuuliza unataka zawadi gani. Ungeweza kuomba ng'ombe. Wewe uliomba maganda ya zile risasi mbili alizopiga siku ile, maganda matupu ya shaba. Ulichonga vizibo vya mti wa mutarakwa, ule mwerezi wa msituni, ukayajaza ugoro, moja ukabaki nalo, la pili ukampa mama. Wazee wengi wa huku walifanya hivyo. Ganda la risasi halipitishi maji, linaingia vizuri mfukoni, na kizibo cha mutarakwa kinatia ugoro harufu nzuri. Hakuna aliyeona ubaya wake mpaka ilipotangazwa hali ya hatari, na kukutwa na risasi kukawa kosa kubwa.

Msako ulifika kwetu asubuhi. Tulikalishwa chini nje, safu kwa safu. Fundi Odhiambo, jirani yetu anayenoa misumeno ya kiwandani, alikuwa upande wangu wa kulia, wewe mbele yangu. Askari mmoja alitia mkono katika koti lako, akatoa ganda.

"Hii ni nini?"

"Ugoro, afande."

"Nakuuliza hii ni nini!"

"Fungua uone, afande."

Akafungua, akatia pua. Alipiga chafya mpaka kofia ikamdondoka, na alipoinama kuiokota akapiga nyingine. Fundi Odhiambo akaguna kama mtu anayeshikilia kikohozi. Kisha ukacheka wewe, kile kicheko chako cha hospitalini, na safu nzima ikacheka.

Mama anaamini hadi leo kwamba hukushikwa kwa ajili ya ganda, ulishikwa kwa ajili ya kicheko. Mimi nilikuwepo na nakubaliana naye. Yule askari angeweza kulitupa lile ganda majanini. Badala yake alilifunga kwenye kitambaa na kumwambia mkubwa wake kwamba amepata mtu mwenye risasi. Hakusema ganda. Hakusema tupu. Walikupandisha lori pamoja na wengine, na uliporudi mvua za masika zilikuwa zimekwisha, umekonda, una kikohozi kisichosikia dawa. Mahindi uliyopanda mwaka uliofuata tulivuna bila wewe.

Ganda la mama lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa siku ile yote. Hawakumpekua. Hata chafya hakupiga.

Sasa nikueleze kwa nini tunahitaji bunduki, maana ulipokuwa hai hukuitaka. Ulisema umebeba za kutosha. Nakukumbusha kwamba wakati huo ulikuwepo.

Mwaka jana nilikuwa bado nakaa Bondeni, Nakuru, chumba cha manispaa, karibu na gazeti. Mama alikuwa peke yake katika nyumba uliyojenga, na ng'ombe wawili. Jioni moja, ugali ukiwa bado motoni, watu watatu walitokea upande wa msitu na mapanga. Mama aliwasikia wakifungua zizi. Hakupiga kelele. Alisimama ndani ya mlango na kuwaambia kupitia ubao wa mlango: "Ng'ombe mmeshawapata. Nendeni. Mlango huu msiuguse, ni kazi ya marehemu."

Waliupiga panga, likapenya ubao. Mkono wa mama ulikuwa kwenye komeo. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na vilivyobaki havikunji vizuri. Waliingia, wakachukua blanketi na sufuria, hata ule ugali, wakaenda zao. Polisi walifika siku ya pili. Ng'ombe hawajapatikana.

Nilikwenda kumchukua. Nilimwambia Bondeni kuna taa barabarani na majirani ng'ambo ya ukuta.

"Na choo?"

"Kiko. Cha watu wote."

"Basi kaa nacho," akasema. "Mimi nina changu. Baba yako ndiye aliyekichimba."

Kwa hiyo nikahama mimi. Habari zangu nazituma Nakuru na madereva wa malori ya mbao, na mhariri amezoea karatasi zenye unga wa msumeno. Nilitengeneza mlango upya kwa mutarakwa, nikanunua ng'ombe mmoja, kisha nikaomba kibali cha bunduki.

Elburgon nzima ilijua siku ile ile. Fundi Odhiambo aliniita kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mwandishi! Kalamu imeisha wino?"

"Wino upo, fundi. Wezi ndio hawasomi."

"Utapiga mtu wewe? Wewe ambaye kuku anakukimbiza?"

"Sitaki kupiga mtu. Nataka wajue iko."

Aliacha utani. Akasema yeye mwenyewe atanitengenezea kasha la kuifungia, la mbao ngumu na vyuma, lipigiliwe misumari mirefu ukutani. Amelimaliza. Liko ndani, tupu, na mama ameanza kuweka sukari yake humo mpaka mwenyewe atakapofika.

Bunduki niliichagua Nakuru, katika duka la Mhindi mmoja ambaye babake aliwauzia wazungu wengi wa Bonde la Ufa. Alinitazama toka kofia hadi viatu, akaenda nyuma, akarudi nayo.

"Hii moja. Mtutu moja, mzee sana lakini nguvu. Mzuri kwa ndege, mzuri kwa mwizi."

Niliishika mdomo ukiwa chini. Nikafumba macho, nikaifungua na kuifunga karibu na sikio. Yule muuzaji aliniuliza kama naumwa. Nikarudia. Ilikuwa inakwaruza kidogo sana, mwishoni.

"Ina mchanga," nikamwambia.

"Mchanga wapi? Hapana mchanga!"

Aliifungua mwenyewe, akapitisha kitambaa, akakitazama. Akaisafisha mbele yangu. Nilipoisikiliza tena ililia vizuri. Amenifungia kikaratasi chenye jina langu na kuiweka kando. Hawezi kunipa mpaka kibali kitiwe sahihi, na sahihi haitiwi mpaka nikubali sharti.

Ndiyo maana jana, Ijumaa, nilikwenda kumwona Bwana DO. Mama alivaa koti lako la mvua akasema anakuja. Nilimwambia hajaitwa. Akaniuliza kama wale wezi waliitwa.

Bwana DO ni kijana wa Kizungu, hana ukali. Alituonyesha viti.

"Mwandishi, karibu. Huyu mama nani?"

"Mama yangu, bwana."

"Mimi hapana ita mama."

"Nimekuja tu," mama akasema, akakaa.

Bwana DO akanisogezea kalamu. "Sheria nasema bunduki lala polisi. Wewe weka sahihi hapa, kwisha maneno."

Kabla sijafungua mdomo mama alikuwa ameanza. "Bwana, na wezi wamepewa hiyo sheria? Wale watu huja jua likizama. Mchana nina bunduki na sina mwizi. Jioni nina mwizi na sina bunduki. Sasa wakibisha niwaambie nini? Rudini asubuhi? Au niwaelekeze kituoni wakaibe huko?"

Karani alikohoa kwenye pembe ya chumba, kikohozi ninachokijua, kile cha Fundi Odhiambo siku ya msako, cha mtu anayezuia kicheko.

Mimi nikauliza maswali yangu, kama kazi yangu inavyotaka. Nilimwuliza ni mzungu gani, kutoka reli hadi msituni, ambaye bunduki yake inalala kituoni. Akasema hayo ni maneno mengine. Nikamwuliza kama sharti ni la kila Mwafrika mwenye kibali. Alisita. Ni mtu mkweli, nampa hiyo.

"Hapana. Ile chifu nalala na yake."

"Basi kwa nini mimi?"

Alitazama dirishani. "Sababu ya baba yako. Baba yako nakamatwa na risasi."

Nilitaka kujibu, lakini nilimwona mama anafungua kitambaa chake cha kichwa. Alitoa ganda. Alikivuta kizibo kwa meno, kwa kuwa mkono ule hauwezi tena, akamwaga ugoro kidogo juu ya kiganja cha kushoto, akavuta taratibu. Akajifuta pua. Kisha akalisimamisha ganda juu ya meza, katikati ya karatasi za serikali.

"Risasi ya baba yake ndiyo hii," akasema. "Ile mliyochukua na hii ni mapacha. Hii mliisahau. Shika uone."

Niseme wazi, baba: kwa muda huo mfupi niliogopa. Watu wameshikwa kwa kidogo kuliko hicho, na wewe ni mmoja wao. Mama hakuogopa. Aliegemea kiti na kumtazama kama anavyomtazama mtu anayepunja kipimo cha mahindi sokoni.

Bwana DO alilichukua. Akaligeuza, akatazama kitako chake, pale penye kitone kilichobonyea. Yeyote aliyewahi kushika bunduki anajua kitone hicho. Risasi nzima hainacho. Ni alama ya kwamba risasi ilishapigwa na haiwezi kupigwa tena.

"Hii napigwa zamani sana," akasema.

"Na mzungu wake mwenyewe," mama akajibu. "Nyati hakufa, lakini risasi ilipigwa."

Alilinusa. Hakupiga chafya, macho tu yalimjaa maji. Akamrudishia mama kwa mkono wa kulia. Nilidhani atalifuta sharti. Hakulifuta. Alisema hana nguvu hiyo, kwamba mkuu wa wilaya, DC mwenyewe, anakuja Elburgon Jumanne, nimweleze yeye. Kisha akaongeza, na hili nalo niliandike kama alivyolisema: "Kama DC nakataa, na wewe nakataa sahihi, kibali nakufa. Hapana omba tena."

Tulirudi kwa miguu. Mama alitangulia. Karibu na daraja akaniuliza bila kugeuka:

"Utaweka sahihi?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungeweka, ungeenda kulala kituoni na bunduki yako."

Haya ndiyo yaliyopo, baba. Nikikubali, nitapata bunduki ya kubeba mchana barabarani, watu waione, na jioni niwe sina kitu, kama wewe siku ya nyati: kitu kiko karibu, kimejaa, si changu kukitumia. Na nitakuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba ulikuwa mtu wa kuogopwa, wewe uliyemwambia askari afungue aone. Nikikataa, huenda tusipate bunduki kabisa, na wale watu watatu wanaijua njia. Mama anaelewa hesabu hiyo kuliko mimi. Vidole ni vyake. Amechagua, nami nimechagua pamoja naye.

Mimi sipendi bunduki. Ulihakikisha hilo mapema. Nikiipata itakaa katika kasha la Fundi Odhiambo, ufunguo shingoni mwangu, nami nitaisafisha Jumamosi mpaka mama aseme sasa amezaa cherehani. Lakini itakaa pale. Nyumba inayolindwa iko pale, anayelindwa analala pale, na aliyeijenga nyumba hiyo hakuwahi kumwonyeshea mtu mdomo wa bunduki maisha yake yote.

Nimeambiwa na wawili watatu kwamba si busara kuchapisha haya kabla ya kikao, kwamba wakubwa hawapendi kusoma mambo yao gazetini. Nimefikiri. Ulipelekwa kwa neno la mtu mmoja, alilolisema pembeni, na hakuna aliyeandika kwamba ganda lilikuwa tupu. Sasa imeandikwa. Gazeti linafika Elburgon kwa treni ya Jumatatu, na DC akishuka Jumanne atakuwa na muda wa kulisoma. Atakaponiuliza kama naweka sahihi, atakuwa analijua jibu.

Mama anakusalimu. Ameitoa sukari ndani ya kasha. Ganda lake amelijaza ugoro mpya, ule mkali wa sokoni Molo, na anasema safari hii atamkaribisha DC mwenyewe.

Pumzika, baba. Mguu usikuume. Sisi tunakwenda: Jumanne, saa tatu asubuhi, mbele ya ofisi.

Mwanao wa kwanza